Wimbo Niliomwandikia Kiden Akiwa Hai

Kisa hiki kimezunguka Arua na Koboko bila mimi, na kila aliyekisimulia amekiongezea kitu. Wengine wameweka usiku ndani yake. Wengine wameweka fisi anayesema. Mwanamke mmoja wa sokoni aliniambia mimi mwenyewe, uso kwa uso, kwamba mtu aliyepatwa na mambo hayo alirukwa na akili na akafa. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikanunua nyanya zake, nikaenda zangu. Mtu huyo ni mimi. Sikurukwa na akili. Hakukuwa na usiku wala fisi. Jua lilikuwa utosini, nilikuwa nimekula asubuhi, na sijaonja pombe tangu nibatizwe. Nayasema haya mwanzoni ili usipate shida ya kutafuta maelezo mengine. Mimi nimeyatafuta kwa miaka, sikuyapata.

Sina elimu kubwa. Nilisoma mpaka darasa la nane kwa wamisionari, baba akafariki, nikarudi nyumbani. Miaka ile ya sabini nilikuwa karani katika ghala la tumbaku mjini Arua. Mkulima analeta mzigo, mimi naandika jina lake na daraja la majani yake, basi. Lakini watu hawakunijua kwa tumbaku. Walinijua kwa nyimbo za kilio.

Kwetu Walugbara mtu akifa huchezwa ngoma ya kilio, na kila upande wa ukoo huja na wimbo wake. Si wimbo wa kumsifu marehemu tu. Unasema alivyoishi, nani alimpenda, nani alimnyima, nani hakuja kumwona alipougua. Watu hutajwa kwa majina mbele ya wote, na hakuna ruhusa ya kukasirika mpaka ngoma iishe. Zamani waimbaji walitunga palepale uwanjani. Mimi niliandika kwanza kwenye daftari, halafu nikamfundisha Mzee Candia, kiongozi wa waimbaji wa upande wetu wa Vurra, ambaye sauti yake ilisikika ng'ambo ya bonde.

Namna yangu ya kufanya kazi ilikuwa hii. Watu wa msiba wanakuja, nawauliza mambo madogo. Alipenda kukaa wapi jioni? Akikasirika alifanya nini? Mbuzi wake aliwaita vipi? Wakishaondoka nafunga mlango, napiga magoti kando ya kiti, naomba: Bwana, nipe neno la mtu huyu. Kisha nangoja. Siandiki hata herufi moja mpaka neno la kwanza lije lenyewe. Na lilikuja, niamini. Mara nyingine upesi, mara nyingine baada ya muda mrefu, magoti yakiwa yamekufa ganzi. Kanisani nilisinzia kama watu wengine. Kando ya kile kiti sikusinzia hata siku moja. Kama nilikuwa na dini, basi ilikuwa pale.

Kosa langu lilianza kwa kicheko. Kulikuwa na mzee mmoja Vurra, mfanyabiashara wa chumvi na ng'ombe, ambaye maisha yake yote alikuwa akivuka kwenda Congo na kurudi. Aliugua, akaniita.

"Wewe ndiye naandikia maiti?"

"Ndiyo, baba."

"Basi andika ya mimi leo. Mimi nataka kusikia. Nikikufa, hawa watoto yangu wataimba uongo tupu."

Niliandika, nikamsomea. Alisikiliza amefumba macho, halafu akainua mkono.

"Simama hapo! Ile ng'ombe nyeusi iko wapi? Wewe nakumbuka wanawake yangu yote, nasahau ng'ombe!"

Nikamwingiza ng'ombe. Mzee akapona, akaishi miaka minne zaidi, na kila Pasaka alinitumia mtu kusema kuna jambo la kuongeza. Kwa hiyo ukiniuliza kama wimbo wa kilio unaweza kuua mtu, nitakujibu kwamba sijui, lakini yule haukumuua. Na kwa sababu haukumuua, sikuona ubaya wa kuandika kabla.

Halafu miaka ikawa mizito. Vifo vilikuwa vingi, na vingine havikuwa na maiti ya kuzika. Watu walinijia Jumatatu, wakanijia Jumapili. Nikaanza kutangulia. Nikisikia fulani amelazwa, naanza wimbo wake. Nilikuwa hata na daftari la pili, la nyimbo zisizo na mtu, nimeacha nafasi ya jina. Akija mtu na haraka, naweka jina, kazi imekwisha. Kwa nyimbo hizo sikupiga magoti. Ungepiga magoti kumwombea nani?

Mzee Candia alinicheka. "Wewe sasa iko kama fundi wa cherehani. Nakwenda hospitali kupima watu kifua na mabega."

Na kweli, siku moja nilipita wodini kumwona jirani, na mwanamke mmoja aliponiona na daftari langu kwapani akamfunika mumewe blanketi mpaka kichwani. "Pita, pita! Ya kwangu napona!" Wodi nzima ikacheka. Mgonjwa mwenyewe alicheka chini ya blanketi. Mimi pia nilicheka.

Sasa nikuambie habari za Kiden.

Kiden alikuwa mke wangu. Alikuwa Mkakwa wa Lurujo, upande wa Koboko, na mimi ni Mlugbara. Lugha yangu hakuishika vizuri, yake mimi nilishindwa kabisa. Nyumbani kwetu tulikutana katika Kiswahili, lugha ambayo watu wa kwetu husema ni ya askari na ya sokoni, haifai kwa mapenzi. Sisi tuligombana kwa Kiswahili na tulipatana kwa Kiswahili. Hakuwa amesoma. Akiniona nimeinamia daftari alisema, "Wewe hapana mume. Wewe kalamu imevaa suruali." Kisha ananiwekea chai karibu na mkono, mbali na karatasi, ili nisiimwagie.

Aliugua wakati wa kiangazi, homa na shingo kukakamaa, ule ugonjwa unaokuja kwetu na vumbi. Nikampeleka hospitali. Unajua kwetu mgonjwa hutunzwa na ndugu yake, anayempikia na kumgeuza na kumnywesha. Wa kumtunza Kiden nilikuwa mimi. Dada zangu walileta chakula, lakini pale kitandani nilikuwa mimi.

Siku ya sita alipata nafuu. Alikunywa uji, akaniuliza nani ananifulia nguo, akasema shati langu linanuka tumbaku. Nilifurahi sana. Na jioni ile, nikiwa na furaha yangu, likaja neno.

Sikuwa nimeliomba. Sikuwa nimepiga magoti. Lilikuja kwa Kiswahili, na wimbo wa kilio kwa Kiswahili sijawahi kuusikia popote. Lilisema: Kiden, njia ya Koboko ni nyekundu. Basi. Nilijua mara moja kwamba ndilo neno zuri kuliko yote niliyowahi kupewa.

Kesho yake mchana nikatoa daftari, nikaanza kuandika, mke wangu akiwa amelala mbele yangu, anapumua.

Kwa nini? Usidhani nilimtakia kufa. Usidhani hata kwamba nilitazamia kifo chake. Nitasema ukweli kama ulivyo: neno lilikuwa zuri, na niliogopa kulipoteza. Ndivyo ilivyokuwa. Niliandika alasiri mbili. Alasiri ya pili, jua likishuka, nilipata mstari wa mwisho. Na Kiden alikuwa amekufa.

Hapa kuna jambo nimeliruka. Nitalisema mahali pake. Wakati ule sikulisema kwa mtu yeyote, wala kwa mchungaji, wala kwangu mwenyewe.

Tulimzika nyumbani, Vurra. Mama yake na ndugu zake walifika kutoka Lurujo wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mama yake alinishika mkono akaniuliza, "Alikufa namna gani, mwanangu?"

"Alilala tu, mama."

Baada ya mazishi nilichana karatasi za ule wimbo, nikaziweka kwenye moto wa jikoni, nikasimama mpaka zikawa majivu. Hakuna aliyekuwa ameziona. Mzee Candia hakuwa amesikia hata mstari mmoja. Nakuomba ulishike hilo.

Kuanzia hapo nilinyamaza. Watu walikuja na misiba yao, niliwaambia mkono unauma. Nilipiga magoti kando ya kiti, nikaanza "Bwana, nipe", nikashindwa kumalizia. Kanisani nilisoma sala kama unavyosoma kibao cha duka. Nilikuwa mtu asiye na neno wala wa kumwomba neno, na tumbaku ya watu iliendelea kuja, na niliendelea kuandika majina.

Mwaka ukapita. Akaja Arua shemeji yangu Wani, kaka wa Kiden, fundi wa baiskeli pale Lurujo, mtu wa maneno machache. Ukoo wao ulikuwa umepanga ngoma ya kumaliza kilio. Alikataa kiti, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Shemeji, wewe naandikia watu yote ya Arua. Sasa sisi nangoja ya dada yetu. Utaimba wewe mwenyewe, kwa mdomo yako."

"Nitakuja."

"Ukikuja bila wimbo, sisi tutajua alikaa kwako kama mgeni. Na mama hapana lala. Iko anauliza kitu moja tu."

Sikumuuliza ni kitu gani. Nilikijua.

Unafikiri nilifanya nini? Nilifungua lile daftari la pili. Nilitafuta wimbo uliofaa mwanamke aliyeolewa mbali, nikaandika Kiden kwenye nafasi ya jina. Uliingia vizuri kabisa. Mtu yeyote angelia. Nilikunja karatasi nikaitia mfukoni, na nilijiona mwizi, lakini niliitia mfukoni.

Mzee Candia na ndugu zangu walitangulia siku moja kabla. Mimi nilibaki ghalani mpaka zamu yangu iishe, na asubuhi ya ngoma nikapanda lori mpaka Koboko. Kutoka pale nilitembea kwa miguu. Ni mwendo mrefu, na kiangazi kilikuwa hakijaisha: mashamba ya muhogo yamebaki vijiti, majani ya njiani yamechomwa moto, na udongo unaunguza kupitia soli. Nilikuwa nafanya mazoezi ya wimbo wangu wa wizi kwa sauti, kwa sababu sikuuzoea.

Katikati ya njia kuna mahali ardhi inashuka, na chini kuna kijito. Nilipajua. Nilipita pale na Kiden mara tatu au nne tulipokwenda kwao. Nilipokaribia kuteremka nilisikia mtu anaimba.

Kwanza nilidhani ni mimi. Nisikilize vizuri hapa. Nilidhani mdomo wangu umeniponyoka, umeacha wimbo wa daftari na kuingia ule mwingine. Nikafunga mdomo. Wimbo ukaendelea.

*Kiden, njia ya Koboko ni nyekundu,*
*miguu yako ilikuja nayo nyumbani kwangu.*
*Nani atafagia vumbi hilo?*
*Mimi silifagii.*

Kwa Kiswahili. Neno kwa neno. Ule mstari wa mwisho, "mimi silifagii", unaofunga kila ubeti, ndio niliouhangaikia alasiri mbili.

Niliteremka. Sijui ni miguu gani iliyoniteremsha. Chini kwenye maji alikuwa amechutama mwanamke, akitoa mihogo iliyolowekwa na kuimenya, kama wanawake wa huko wanavyofanya kila siku. Harufu ya muhogo uliochacha ilinifikia puani. Alikuwa mtu mzima, si kijana wala si mzee. Hakufanana na Kiden. Usoni hakufanana na mtu yeyote ninayemjua, na leo ukinitaka nimweleze siwezi. Mikono naikumbuka: myeupe kwa wanga mpaka viwiko. Aliimba bila kuinua kichwa, kama mtu anayejiliwaza kazini.

Nilisimama. Akaimba ubeti wa pili, ni wangu. Akaimba wa tatu, wangu pia. Hapo wimbo ulikuwa umekwisha, kwa maana hapo ndipo niliponyanyua kalamu siku ile. Lakini yeye hakuacha.

*Niliomba maji, mume wangu alikuwa anatafuta neno.*
*Neno alilipata.*
*Maji yalikuja, mimi nilikuwa nimeondoka.*

Sasa ndipo mahali pake.

Alasiri ile ya mwisho Kiden aliomba maji. Alisema, "Maji," kwa sauti ndogo. Nilikuwa nimebakiza mstari mmoja, naujua upo, nausikia unakuja kama mtu anayetembea nyuma ya mlango. Nikasema, "Ngoja kidogo." Akaomba tena. Nikasema, "Ngoja, nakuja." Sikuinua macho. Sijui muda gani ulipita. Mstari ulikuja. Niliuandika, nikausoma mara mbili kwa sababu ulinipendeza, kisha nikachukua kikombe. Alikuwa amegeukia ukuta. Nilidhani amelala. Nikaweka kikombe pale karibu nisimwamshe, nikakaa na furaha ya mstari wangu mpaka muuguzi alipopita na kumgusa.

Muuguzi aliniambia maji yasingemponya. Najua. Nakubali. Lakini mimi siulizi kama yangemponya.

Hakuna aliyekuwepo. Kitanda cha jirani kilikuwa kitupu. Nani alimwambia yule mwanamke?

Nilimuuliza. Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto. "Mama, wimbo huu nani alikufundisha?"

Alichota maji kwa kibuyu, akainuka, akaninyooshea.

"Shemeji, jua iko kali. Kunywa."

Sikuwa nimemwambia kwamba nimeoa kwao. Nikauliza tena, "Nani alikupa maneno haya?"

"Kunywa kwanza," akasema. "Neno hapana kimbia."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama unavyomwambia mgeni aliyefika na haraka zake. Nilipokea kibuyu kwa mikono miwili. Nikapiga magoti pale kwenye mchanga, nikanywa. Maji yalikuwa baridi. Mengine yalinimwagikia kidevuni yakashuka kifuani. Nililia huku nakunywa, macho nimefumba. Na nilisema. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima: Bwana, aliniomba maji. Basi, hiyo ndiyo ilikuwa sala yote.

Nilipofumbua macho yule mwanamke hakuwapo. Sisemi alitoweka, mimi nilikuwa nimefumba macho, na mtu anaweza kuondoka. Kibuyu hakikuwamo mikononi. Sikutafuta. Nilipanda upande wa pili nikaendelea na safari.

Wani alinipokea nje ya boma. Kitu cha kwanza alichoangalia ni shati langu.

"Shemeji, umeoga na nguo?"

"Nimekunywa maji pale kijitoni."

"Kijito gani?"

Nikamwelekeza. Akacheka, na Wani hakuwa mtu wa kucheka. "Ile? Ile imekauka siku mingi. Wanawake yetu nachota kisimani, upande wa kwenda Ludara, mpaka miguu nauma. Maji gani umekunywa, mkojo ya mbuzi?"

Lakini shati lilikuwa limelowa, na kwa jua lile lingepaswa kuwa limekauka zamani. Aliligusa kifuani kwa vidole viwili, akaacha kucheka. Akatangulia, tukarudi wawili mpaka pale. Hakukuwa na maji. Kulikuwa na mchanga, nyufa, na mavi makavu ya mbuzi. Hakukuwa na ganda la muhogo wala harufu yake. Alama za miguu zilikuwa za mtu mmoja, zangu, zimeteremka. Na katikati ya mchanga mkavu, mashimo mawili ya magoti.

Wani aliyatazama. "Turudi," akasema. "Watu nangoja."

Ngoma ilichezwa alasiri. Upande wao waliimba kwanza, na walinitaja, kama ilivyo haki yao: mwenye kalamu, aliyemchukua binti yetu akamrudishia mama yake maneno mawili. Kila mtu aliyajua maneno hayo mawili, alilala tu. Kisha duara likafunguka, zamu yangu. Ile karatasi ilikuwa mfukoni. Mzee Candia aliyekuwa na ngoma akanong'ona, "Toa, nikushikie mdundo."

Sikuitoa. Nilianza kwa Kiswahili.

Minong'ono ikapita. Kilio kwa Kiswahili? Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Huyu naimba kama polisi," na watu wakacheka. Nilistahili. Nikaendelea. Mzee Candia alihangaika kutafuta mdundo, kisha akaupata, na nilipofika kwenye vumbi ambalo sifagii, kicheko kilikuwa kimekwisha. Naijua kazi yangu; nilijua nimewashika. Ningeweza kuishia hapo. Ningerudi nyumbani na sifa.

Nikaimba ubeti wa mwisho, ule usio wangu.

Niliwaambia kisha, kwa maneno ya kawaida, ili asiwepo atakayedhani ni mapambo ya wimbo. Aliomba maji. Mimi niliandika. Aliomba tena.

Wani alikuja na fimbo. Sikusogea, nilitaka anipige, ingekuwa nafuu. Lakini mama mkwe alikuwa amesimama.

"Mwache."

"Mama, huyu..."

"Mwache, nimesema! Mwaka moja mimi nauliza, na watu yote najibu alilala tu, alilala tu. Leo mutu moja amejibu mimi."

Alikuja mpaka nilipokuwa, akaketi chini, nami nikaketi. Hakunigusa. Akauliza taratibu, kama anayeuliza habari za safari.

"Aliomba mara ngapi?"

"Mara mbili, mama."

"Sauti ilikuwa iko?"

"Ilikuwa ndogo."

"Alisema mama?"

"Hapana. Alisema maji."

Akatikisa kichwa. Kisha akaanza kulia, kilio kile cha siku ya kwanza, ambacho kwa mwaka mzima hakuwa amekipata, na wanawake wote wakaingia naye.

Watu huniuliza alikuwa nani yule wa kijitoni. Wazee wetu husema mito ina wenyewe, viumbe wa nusu mwili. Wangu alikuwa na mikono miwili, niliiona. Mchungaji alisema ni jua lilinipiga kichwani. Jua halimwagii mtu maji kifuani. Wengine husema malaika, na mimi siwezi kumwambia mtu kwamba malaika alikuwa ananuka muhogo. Sijui. Nimebaki sijui, na hali hiyo naiheshimu.

Yaliyobaki ni haya. Wani hajala nami meza moja tangu siku ile. Tukikutana tunasalimiana, ananiuliza hali, anapita. Sijawahi kumwambia amezidisha. Mama mkwe alinitumia ufuta kila mavuno mpaka alipofariki, na wimbo wake niliuandika baada ya kuzikwa, si kabla. Neno limerudi, lakini si kama zamani. Linakuja polepole, na likija wakati mtu ananihitaji nalipuuza. Mengine hayarudi. Mazuri kweli, mengine. Nayaacha yaende.

Mwaka 1979 vita vilipotufikia tulivuka mpaka wa Congo pale Vurra, na madaftari yote yalibaki. Sikuyalilia. Ng'ambo tulikuwa na wagonjwa wengi na watu wachache wa kuwatunza, na nilijikuta kazi yangu ni kushika kikombe. Magoti yangu yamekufa ganzi mara nyingi kando ya mikeka ya watu nisiowajua. Naona ni mahali palepale pa kando ya kiti, sioni tofauti.

Basi wewe unayesoma, hasa kama nawe ni mtu wa kalamu, au wa ngoma, au wa sala ndefu: ukiwa umekaa na mgonjwa na jambo zuri likakujia, liache. Usiseme ngoja. Usimwandikie kilio mtu anayepumua, hata kama anapumua kwa shida, hata kama neno ni zuri kuliko yote utakayopewa duniani. Mimi nilipewa hilo, na niliandika.

Kisa hiki nimekiandika kwa siku nne. Kila nilipotaka kuanza nilizunguka nyumba nzima kwanza, nikauliza kila mtu kama kuna anachotaka, nikangoja wanijibu.